Maswali ya Wasomaji: Mhandisi wa Nyumba ya Mteja Wangu Aingie Mkataba na Nani?

Barua tatu zilizofika mezani kwangu mwezi huu zinagusa jambo moja, ingawa waandishi wake hawajuani. Wa kwanza ni mbunifu majengo wa Kigoma, wa pili ni mhandisi wa Tabora, na wa tatu ni mwenye nyumba wa Ujiji ambaye nyumba yake imekwisha kuanza kupanda. Nimeona ni vyema nizijibu pamoja. Barua ya kwanza nimeipa nafasi kubwa zaidi, kwa kuwa majibu ya zile nyingine mbili yanaanzia humo.

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mbunifu majengo niliyesajiliwa, nina ofisi ndogo hapa Mwanga, na kazi zangu nyingi ni nyumba za kuishi. Kwa miaka minne nimekuwa nikifanya kazi na mhandisi mmoja aliyeko Tabora. Hatujawahi kuandikiana chochote: mimi humtumia ramani kwa simu, yeye hunirudishia michoro ya nondo yenye muhuri wake, nami humtumia fedha zake. Sasa nimepata kazi ya nyumba ya ghorofa moja kwenye mteremko wa Bangwe, inayotazama ziwa. Mwenye nyumba anafanya kazi Dar es Salaam, na ameniambia waziwazi kwamba anataka kusaini na mimi peke yangu, alipe mahali pamoja, na mengine nihangaike nayo mwenyewe. Je, nimwajiri mhandisi chini yangu? Na kama ndiyo, tuandikiane nini?
Mbunifu majengo, Mwanga, Kigoma

JIBU: Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kazi ya Bangwe.

Makubaliano yenu ya simu si batili. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haidai kila mkataba uwe wa maandishi. Inadai kuwe na hiari, watu wenye uwezo wa kuingia mkataba, malipo halali na lengo halali. Kwa hiyo katika miaka hiyo minne mmekuwa na mikataba mingi, ila siku ya kutofautiana hakuna kati yenu atakayeweza kuonyesha ilihusu nini hasa, ilianzia wapi na iliishia wapi. Ujumbe wa simu unaweza kutumika kama ushahidi, lakini nimewahi kuona watu wazima wawili wakisomeana jumbe za miezi saba iliyopita mbele ya msuluhishi, kila mmoja akisoma sehemu inayomfaa, na sikutamani kukiona tena kikao cha namna hiyo.

Njia ziko mbili. Katika ya kwanza, mwenye nyumba anaingia mkataba na wewe, na mkataba mwingine na mhandisi. Wewe unabaki mratibu, lakini kila mtaalamu anawajibika kwa mteja kwa kazi yake. Katika ya pili, mwenye nyumba anasaini na wewe tu, nawe unamwajiri mhandisi chini yako. Njia hii ya pili ndiyo anayoitaka mteja wako, na inaeleweka kwa mtu aliye mbali. Lakini fahamu uzito wake: boriti ikipasuka, mwenye nyumba hana mkataba na mhandisi, atakudai wewe, kana kwamba hesabu za nondo ulizipiga kwa mkono wako, na itakuwa juu yako kumgeukia mhandisi kwa nguvu ya karatasi mliyoandikiana. Kama karatasi hiyo haipo au ni dhaifu, mzigo unabaki mabegani mwako.

Wenzetu wa nchi nyingine wamelifikiria jambo hili kwa muda mrefu. Nchini Marekani, ambako mara nyingi mbunifu ndiye humwajiri mhandisi, American Institute of Architects, chama cha wabunifu majengo wa huko, huchapisha mkataba wa mfano kati ya mbunifu na mshauri wake, unaojulikana kwa namba C401. Nchini Uingereza ni jambo la kawaida zaidi mteja kumteua kila mtaalamu kwa mkataba wake. FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, lina mifano ya namna zote mbili, na wengi wetu tumekutana nayo katika miradi ya barabara na maji. Sikushauri uinakili yoyote kati ya hiyo jinsi ilivyo, kwa sababu imeandikwa kwa kazi kubwa na kwa sheria za kwingine. Chukua kanuni yake moja tu: yale uliyomwahidi mteja kuhusu miundo, mhandisi naye awe amekuahidi wewe, kwa maneno yale yale na kwa muda ule ule au mfupi zaidi.

Wengi wetu hujikwaa katika kanuni hiyo, na ninaomba uisome mara mbili. Ukimwahidi mwenye nyumba michoro yote baada ya wiki sita, na mhandisi akawa na wiki nane, wiki mbili hizo ni zako. Ukimwahidi kwamba mhandisi atakagua mara tano, na mhandisi amelipwa kuja mara mbili, safari tatu ni zako. Kwa hiyo usisaini na mteja kabla hujapata bei, muda na mipaka ya mhandisi kwa maandishi. Mpelekee rasimu ya mkataba wako na mteja, angalau kurasa zinazohusu miundo; ada yako unaweza kuificha ukipenda, lakini majukumu usiyafiche.

Ushauri wangu kwa nyumba ya Bangwe ni kwamba ukubali njia ya pili kwa masharti mawili. La kwanza, jina la mhandisi liandikwe ndani ya mkataba wako na mwenye nyumba, naye amkubali kwa saini, ili asije akasema siku moja kwamba hakujua nani alipiga hesabu za nyumba yake. Kabla ya hapo, hakikisha jina hilo limo katika daftari la Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na uangalie ngazi yake, kwa kuwa Bodi hiyo hutofautisha mhandisi mhitimu, mhandisi mtaalamu na mhandisi mshauri. La pili, uchunguzi wa udongo ulipwe na mwenye nyumba moja kwa moja, nje ya ada yako na nje ya ada ya mhandisi. Gharama hiyo ikiwa ndani ya ada zenu, mtashawishika kuchimba shimo moja badala ya matatu, na kwenye mteremko shimo moja halisemi kitu: juu ya kiwanja unaweza kukuta mwamba, na hatua ishirini chini yake udongo uliojazwa na mtu aliyekuwa hapo kabla yako.

Sasa nije kwenye lililonifanya niipe kipaumbele barua yako.

Miaka mingi iliyopita nilibuni nyumba kwenye mteremko mmoja hapa hapa Kigoma. Nyuma ya nyumba tulikata udongo kwa kina cha mita 2.5 ili tupate mahali tambarare. Katika mchoro wangu wa mkato nilichora mstari mnene, nikaandika kando yake "ukuta wa mawe". Mhandisi niliyekuwa naye alipiga hesabu za msingi, nguzo, boriti na slabu, akagonga muhuri, akalipwa. Mimi niliamini kwamba ukuta ule umo katika kazi yake kwa sababu unabeba mzigo wa udongo. Yeye aliamini kwamba ni wangu kwa sababu mimi ndiye niliyeuchora na kuupa jina. Fundi akaujenga kwa mazoea, unene mmoja kutoka chini hadi juu, bila tundu hata moja la kutolea maji. Mvua za Machi zilipokolea, mwenye nyumba aliniita jioni. Nilikuta ukuta umefura katikati kama tumbo la mtungi, na ufa wa mlalo umefuata viungo vya saruji kwa urefu wa chumba kizima. Niliingiza kidole cha shahada katika ufa huo, kikazama hadi kwenye kiungo chake cha kwanza. Maji mekundu ya udongo yalikuwa yakichuruzika humo na kufanya kijito hadi kwenye kizingiti cha mlango wa jikoni. Watoto walikuwa wakilala katika chumba cha nyuma. Tuliwahamisha usiku huo huo, magodoro yakibebwa kichwani chini ya mvua.

Ukuta ulibomolewa na kujengwa upya, na sehemu kubwa ya gharama niliilipa mimi. Sikuona namna ya kukwepa: mkataba wa mwenye nyumba ulikuwa na mimi, na mhandisi aliponiuliza ni wapi nilipomwagiza kuhesabu ukuta, sikuwa na karatasi ya kumwonyesha. Na tukiwa wakweli, hakukosea hesabu yoyote aliyoombwa kuipiga.

Tangu hapo siandiki katika mkataba maneno "kazi za miundo" yakaishia hapo. Natembea ndani ya nyumba kwa kalamu, kutoka udongo hadi paa, na kila kitu kinachobeba kingine nakitaja kwa jina lake na jina la mwenye jukumu. Msingi, nguzo, boriti, slabu na lenta havina ugomvi, kila mhandisi huvitarajia. Ugomvi uko pembeni: ukuta wa kuzuia udongo na mifereji iliyo nyuma yake, ngazi za ndani na za nje, kibaraza cha ghorofani kinachoning'inia bila nguzo, kenchi za paa, uzio wa upande wa chini ya mteremko, shimo la maji taka, na mnara wa tanki. Tanki la lita 5,000 likijaa ni tani 5 za maji juu ya vyuma vyembamba, nami nimeona minara mingi ya namna hiyo iliyochomelewa na fundi vyuma kwa kukadiria macho. Andika pia nani anaonyesha mahali mabomba yanapopita kwenye boriti na slabu, kwa sababu yasipoonyeshwa, fundi bomba atakuja na tindo baadaye na kukata nondo ambazo mhandisi alizihesabu kwa uangalifu.

Kisha andikeni hesabu zitafuata kiwango gani. Hapa kwetu wahandisi wengi bado wanatumia BS 8110, kiwango cha Uingereza cha zege, ambacho Waingereza wenyewe walikiondoa mwaka 2010 na kuhamia Eurocode 2, kiwango cha Ulaya. Sina ugomvi na mhandisi anayekifahamu vizuri na kukitumia. Lakini kiwango hicho kiliandikwa kwa ajili ya nchi isiyo na wasiwasi wa matetemeko. Kwa nguvu za mlalo kinadai kiasi cha chini cha asilimia 1.5 ya uzito wa jengo, bila kufikiria ardhi inayotikisika. Sisi tunaishi juu ya Bonde la Ufa. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la kipimo cha 6.8 lilipiga katika Ziwa Tanganyika na kuangusha nyumba Kalemie, ng'ambo ya pili ya maji haya haya ambayo mteja wako anataka kuyatazama kutoka kibarazani. Tarehe 10 Septemba 2016 lile la Kagera, la kipimo cha 5.9, liliua watu na kubomoa nyumba nyingi Bukoba. Kwa hiyo mkataba useme wazi kama mhandisi atazingatia tetemeko, kwa kiwango kipi, Eurocode 8, kile cha Ulaya cha matetemeko, au kingine, na kwamba ameweka gharama ya kazi hiyo katika ada yake. Usipoliandika, mhandisi anayehesabu kwa uzito wa jengo na upepo peke yake atakuwa ametimiza alichoahidi.

Suala la ukaguzi nalo lina uzito wake, hasa kwa kuwa mhandisi wako yuko Tabora, mwendo wa takribani kilomita 400 kwa reli. Neno "usimamizi" usilitumie peke yake. Mwenye nyumba akilisoma anaona mhandisi aliyesimama kiwanjani kila siku chini ya jua, na mhandisi akilisoma anaona safari mbili na picha za simu. Taja ziara kwa hatua: baada ya mtaro wa msingi kuchimbwa na kabla ya zege la kwanza; nondo za nguzo na za ukuta wa kuzuia udongo zikiwa zimefungwa; nondo za slabu zikiwa zimelala tayari. Andika kwamba hakuna zege litakalomwagwa katika hatua hizo mpaka mhandisi ametoa ruhusa kwa maandishi, na kwamba anapaswa kupewa taarifa siku kadhaa kabla. Siku tano zinatosha kwa mtu wa Tabora. Andika nani analipa nauli na malazi, na kama ziara ya nne itahitajika, bei yake ni ipi.

Nasisitiza ziara hizo kwa sababu picha ya simu haioni kila kitu. Ukipiga magoti juu ya mbao za slabu ndipo utaona kwamba zile biskuti za zege zinazoinua nondo zimewekwa pembezoni tu, na katikati nondo zimelala kwenye mbao kabisa. Ukipitisha kidole chini ya nondo kikakosa nafasi, hapo slabu itakuwa na nondo zisizofunikwa na zege upande wa chini, zitashika kutu, na baada ya miaka michache dari itaanza kumwaga vipande. Fundi si mwovu. Biskuti zilimwishia saa nne asubuhi, akaona aendelee. Lakini mtu mwenye mamlaka ya kusema "subirini" lazima awe hapo, na mamlaka hayo yatoke kwenye mkataba wa mhandisi na kwenye mkataba wa mkandarasi pia.

Mabadiliko ya ramani huvunja urafiki mwingi. Mteja aliye Dar es Salaam ataona dirisha pana katika nyumba ya rafiki yake, atakutumia picha saa tatu usiku, nawe utalichora kwa nia njema mahali palipokuwa na nguzo. Hilo kwako ni kazi ya nusu saa. Kwa mhandisi ni kurudia hesabu za boriti, nguzo mbili na msingi wake. Wekeni siku ambayo ramani inafungwa, wote wawili mkiisaini, na bei ya kila badiliko linalokuja baada ya hapo. Na bei hiyo iwe pia katika mkataba wako na mwenye nyumba, la sivyo utalipa mwenyewe.

Kuhusu kuwajibika kwa makosa, muulize mhandisi kama ana bima ya dhima ya kitaaluma, na ujiulize na wewe. Wengi wetu katika ofisi ndogo hatuna. Kama hamna, msiandike kwamba atakufidia hasara zote bila kikomo, kwa kuwa karatasi haizai fedha. Andikeni kiwango ambacho kweli kinaweza kulipwa, na kama nyumba ni kubwa, mwombeni mwenye nyumba achangie bima ya mradi huu peke yake. Kumbukeni kwamba madai ya kuvunja mkataba yanaweza kufunguliwa mahakamani ndani ya miaka 6, hivyo michoro, hesabu na barua zihifadhiwe angalau kwa muda huo, nami ningeziweka zaidi.

Ongezeni kifungu kimoja kinachosema kwamba michoro ya mhandisi ni kwa ajili ya kiwanja hiki pekee. Kazi za usanifu majengo zinalindwa na sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, lakini sababu yangu ni ya kiusalama zaidi kuliko ya fedha. Hapa kwetu ramani ya kaka hupewa mdogo wake, na nondo zilizohesabiwa kwa mwamba wa Bangwe hujikuta kwenye udongo mweusi wa mbuga, Tabora, unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Vifungu vya kusitisha mkataba na vya usuluhishi havihitaji maneno mengi: taarifa ya siku 30, malipo ya kazi iliyofanyika, na jina la atakayesuluhisha kabla ya mahakama.

Karatasi hiyo haitazidi kurasa nne au tano.

SWALI: Mheshimiwa mshauri, mimi ni mhandisi wa miundo hapa Tabora. Wabunifu wengi wanaonipa kazi huniambia, "Utalipwa mteja akinilipa." Kwa sasa ninadai nyumba tatu, mojawapo kwa miezi minane, na nyumba hiyo imekwisha kuezekwa. Mwingine aliniletea michoro iliyohesabiwa na mtu nisiyemjua, akataka nigonge muhuri tu kwa shilingi 300,000. Nifanye nini ili nilipwe bila kupoteza kazi?
Mhandisi, Tabora

JIBU: Nianze na muhuri. Usigonge. Muhuri wako unasema kwamba hesabu hizo ni zako au umezipitia zote na kuzikubali kama zako, na siku slabu ikianguka hakuna atakayeuliza nani alizichora. Wataangalia jina lililo ndani ya duara. Laki tatu haziwezi kubeba jambo hilo, na Bodi inaweza kukufuta katika daftari. Kama mbunifu huyo ana shida ya kweli, mwambie utazipiga hesabu upya kutoka kwenye ramani, kwa ada kamili.

Kuhusu malipo, ninaandika kama mtu aliyewahi kukaa upande wa pili wa meza. Mbunifu mdogo hana akiba ya kukulipa kabla hajalipwa, na kumlazimisha alipe siku utakayomkabidhi michoro ni kumlazimisha aseme uongo. Lakini sentensi ile "utalipwa mteja akinilipa", ikiachwa jinsi ilivyo, inakuhamishia hatari ya mteja ambaye hujawahi kumwona, hukumchagua, na huwezi kumdai. Uingereza ilipiga marufuku sharti la aina hiyo katika mikataba ya ujenzi kwa sheria ya mwaka 1996, isipokuwa pale mlipaji wa juu anapofilisika. Wewe lishughulikie kwa kalamu yako.

Sharti ligeuzwe liwe la muda. Andika kwamba utalipwa ndani ya siku 7 baada ya mbunifu kupokea malipo ya hatua hiyo, au siku 60 baada ya kukabidhi kazi, lolote litakalotangulia. Hapo mbunifu anapata pumzi, nawe unapata mwisho. Omba pia uonyeshwe ratiba ya malipo kati yake na mwenye nyumba. Anayekataa kukuonyesha hata tarehe, bila kiasi, amekupa jibu mapema. Sehemu ya kwanza, theluthi moja kwa mfano, ilipwe mnaposaini. Sehemu ya pili ilipwe kabla ya michoro yenye muhuri kutoka mikononi mwako. Kabla ya hapo mpe nakala za kupitia zisizo na muhuri. Sehemu ya mwisho iende na ziara za kiwanjani. Na mbunifu anapokata kodi ya zuio ya asilimia 5 katika ada yako, kama ni mtu anayepaswa kuikata, akupe hati yake, kwa kuwa hiyo ni fedha yako iliyotangulia Mamlaka ya Mapato.

Lile deni la miezi minane, andika barua ya madai leo, ukitaja nyumba, tarehe uliyokabidhi michoro na kiasi, na uambatanishe jumbe za simu. Una haki ya kusimamisha huduma zinazofuata kwa taarifa ya maandishi ikiwa mkataba unasema hivyo, na kwa hiyo hakikisha mikataba ijayo inasema hivyo. Lakini ukiwa kiwanjani, au hata kwa picha tu, ukaona jambo la hatari, lisemee bila kusubiri kulipwa. Mtu atakayelala chini ya slabu hiyo humdai chochote.

SWALI: Nina nyumba inayojengwa hapa Ujiji. Mkataba wangu ni na mbunifu majengo, naye ndiye aliyemleta mhandisi. Wiki iliyopita mhandisi alifika, akamwambia fundi aongeze nguzo mbili, fundi akanunua nondo na kuniletea risiti. Mbunifu anasema hana habari. Nani alipe?
Mwenye nyumba, Ujiji

JIBU: Ndugu yangu, usianze na nani alipe, anza na kwa nini. Mpigie mbunifu wako, yeye ndiye mliyesaini naye, mtake amuulize mhandisi kwa maandishi sababu ya nguzo hizo. Kama mhandisi alikuta udongo ulio tofauti na ule uliochunguzwa, jambo ambalo hutokea katika viwanja vya chini vilivyo karibu na ufuo ambako maji hayako mbali, basi nguzo ni stahili yako, zingekuwa kwenye ramani tangu mwanzo kama udongo ungejulikana, na gharama ya nondo ni yako. Kama zilisahaulika katika michoro, nondo bado zitakaa ndani ya nyumba yako na utazilipia, lakini gharama ya kubomoa, kurudia na kuchelewa si yako, na mbunifu atamdai mhandisi wake. Kama mwenye makosa ni fundi aliyejenga nje ya michoro, ni juu ya fundi.

Kosa lililo wazi tayari ni njia ambayo agizo lilipita. Mhandisi hana mkataba na wewe wala na fundi wako. Agizo lake lilipaswa kwenda kwa mbunifu, mbunifu akuandikie wewe pamoja na gharama yake, nawe ukubali ndipo fundi anunue. Isipokuwa kama kuna hatari ya papo hapo: hapo mtu yeyote mwenye ujuzi anaweza kusimamisha kazi, na karatasi ikafuata siku hiyo hiyo. Mwambie fundi wako leo kwamba kuanzia sasa hanunui chochote kwa agizo la mdomo, hata likitoka kwa mwenye kofia ngumu.

Risiti zihifadhi, ziwe za mashine ya EFD. Nguzo zisimwagwe zege mpaka umepata mchoro uliorekebishwa, wenye tarehe mpya, saini ya mbunifu na muhuri wa mhandisi. Nakala moja ikae kwa fundi, moja kwako, na nyingine ipelekwe Manispaa ikaunganishwe na faili la kibali chako.